Sauti za Akina Dada Wote

Jumapili, 1 Juni 2025

Baridi! Tunduma mwezi wa sita haina utani. Baada ya ibada nikaenda banda la video la Nikodemo, nimejifunga mashuka mawili. Muvi ya Kihindi. Jamaa anapiga watu arobaini na shati halijachomoka. Kisha anaimba. Naipa sita kati ya kumi. Ingepata saba, ila mama mkwe amekufa mara mbili na hakuna aliyeshangaa.

Tafsiri ni ya Asajile wangu. Ya mwaka jana, enzi zile tunarekodi chumbani kwake, godoro limeegemezwa dirishani kuzuia kelele. Yeye anasemea wanaume wote, mimi akina dada wote – bibi harusi, mama mkwe, polisi wa kike, mpaka kichanga. Na bado honi za malori ziliingia. Mzee wa watu anakata roho, anausia wanawe – mara pooo! Lori la kwenda Zambia. Banda zima likacheka. Mimi nilikumbuka tu siku ile. Tulirudia mara tano, tukashindwa, tukaishia kula mahindi ya kuchoma.

Miezi minne sasa yuko Dar, kwenye studio kubwa. Mwezi wa nane, kahawa ikishavunwa, tunafunga ndoa. Barua ya posa nyumbani Ihanda ilishapokelewa, mama hana usingizi.

Hajapiga tangu Jumatano. Kazi nyingi.

Jumatano, 4 Juni

Leo sare za shule tangu asubuhi. Mimi na Dina, cherehani zetu zinatazamana, tivii kwenye kona. Muvi ya kibongo. Kila mtu yuko kwenye kochi! Watu wanaachana kwenye kochi, wanapatana kwenye kochi, mgonjwa analetewa daktari kwenye kochi. Mke anaamka usingizini kope za bandia ziko pale pale. Tatu. Dina anasema mimi nina roho mbaya, yeye amelia.

Mteja wetu wa Nakonde, upande wa Zambia, alikuja kuchukua gauni lake la kitenge. Mulishani, mulishani, tukasalimiana kwa lugha ya kwao. Akauliza bwana wa muvi hajambo? Kumbe hata kule ng'ambo wanamsikiliza. Nilijisikia vizuri mpaka mchana.

Mchana ujumbe: "Nipo bize sana Loisi, nitakupigia."

Zamani aliandika "mke".

Jumamosi, 14 Juni

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika tu.

Nikodemo alipata muvi mpya ya Asajile, ya kwanza kutoka Dar. Ya Kikorea, daktari na dada muuza samaki. Kaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: KIJANA WETU. Nikaenda na Dina, saa nane mchana. Nimevaa sketi mpya, kama mjinga.

Sauti yake imekuwa safi. Hakuna honi, hakuna jogoo. Nikafurahi kabisa. Halafu muuza samaki akafungua mdomo.

Sauti ni ya mwanamke. Si mimi, lakini ni mwanamke. Sikujua ana mwingine wa kusemea naye. Nikajiambia sawa, studio kubwa, wana watu wao. Nikakaa. Dina akanitazama, akatazama mbele.

Mwisho kabisa, majina ya Kikorea yanapanda, Asajile akaaga kama anavyoaga siku zote. Safari hii akaongeza: "Na huyu aliyewasemea akina dada wote humu ndani ni malkia wangu, mke wangu mtarajiwa. Wasalimie, mpenzi." Yule mwanamke akacheka. Akasema, "Tunawapenda sana."

Banda likalipuka! Vigelegele. Watu wamegeuka wananitazama mimi. Wananipongeza! Nikodemo kanipa mkono: "Hongera Da Loisi, safari hii umesema kama mtangazaji wa redio." Nikasema asante.

Nilisema asante.

Njiani, tulipofika kwenye mataa, Dina akasema taratibu, "Ile sauti si yako." Nikamwambia najua.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeiweka kwenye flashi na kuiangalia tena, peke yangu. Mara mbili. Nataka niseme kweli, maana hapa hasomi mtu.

Ni muvi nzuri. Daktari anampenda muuza samaki, anakwenda mjini kusoma, anarudi na mchumba. Yule dada hapigi kelele. Anamfungia samaki wawili kwenye gazeti, anamwambia hawa ni wa leo, wabichi. Basi. Naipa tisa. Sijawahi kutoa tisa.

Na huyo mwanamke anajua. Mimi nilipolia kwenye muvi nilikuwa nalia kama mtu aliyebanwa mlango, Asajile akinicheka. Huyu anashusha pumzi tu na wewe unalia mwenyewe. Nimetafuta kosa dakika mia na kumi. Nimepata moja, kamwita sangara sato. Nimelifurahia mpaka nikaona aibu.

Alhamisi, 19 Juni

Kapiga. Saa tano asubuhi, niko katikati ya pindo. Nikatoka nje, Dina akapunguza tivii.

Akaanza na hali ya hewa! Baridi huko? Nikamuuliza huyo ni nani. Akasema ile ni biashara tu, watu wanapenda stori ya wachumba, wanasambaza. Nikamuuliza tena, nani. Akasema anaitwa Pendo, alikuwa redioni. Nikamuuliza ni mke mtarajiwa kweli au wa stori?

Nilisikia feni ya huko inavyozunguka.

Akasema alitaka kuja kuniambia ana kwa ana. Kwamba haikupangwa. Kwamba mimi ni mtu mzuri sana. Halafu akasema – hili ndilo linaloniuma mpaka sasa – "Lakini umejuaje? Huko nyumbani wote wanadhani ni wewe. Hata shemeji zangu wamenipongeza."

Nikamwambia, "Asajile, mimi sijui sauti yangu?"

Akasema Ihanda ataenda mwenyewe kuwaeleza wazee. Nikasema hapana. Usikanyage. Nitawaeleza mimi.

Nikarudi kumalizia pindo. Limepinda. Dina kalifumua, kalishona upya.

Jumamosi, 28 Juni

Ihanda. Nimefika jana jioni. Nilipanga nimwambie mama leo asubuhi shambani, tukichuma. Mikono ikiwa na kazi maneno hutoka. Tulichuma mpaka jua likapanda. Mara tatu nilianza, "Mama..." Mara tatu akanikatiza. Turubai za wageni, ng'ombe wa mjomba Rubeni, kwaya itaimba nini. Akasema mwaka huu kahawa imezaa kwa sababu ya harusi yangu. Nikaendelea kuchuma.

Tulivyorudi, uani viti. Majirani kumi hivi, wamevaa vitenge vizuri. Shangazi Ikupa kaja kutoka Vwawa na flashi mkononi. Muvi ile! Mama alishaiona kwa shangazi wiki iliyopita, sasa kawaita wote waje wamsikie mwanawe. Kachemsha na magimbi.

Nimekaa katikati yao. Sebule imejaa, tivii ya sola sauti juu. Wamelia wote pale pa samaki wawili. Mama anafuta macho kwa upande wa khanga, anawaambia, "Mnamsikia? Tangu mdogo alikuwa hivyo hivyo, analia kimya kimya." Na mwishoni, Asajile aliposema mke wangu mtarajiwa, mama kaninyanyua mkono juu kama nimeshinda uchaguzi.

Shangazi akasema basi leo tumsikie mwenyewe, si kwenye mashine. Aseme yale maneno ya muuza samaki. Wakapiga makofi. Nikasema naenda chooni.

Nipo nyuma ya jiko, nimekaa kwenye gogo na daftari hili. Wamerudisha muvi nyuma, wanaitazama tena pale pale wakinisubiri. Huyo mwanamke anacheka sebuleni kwetu.

Sasa hivi mama katokeza mlangoni. Nimemwambia. Nimesema kabisa, kwa mdomo wangu, "Mama, ile si sauti yangu." Tivii ilikuwa juu. Kaniitikia, "Haya, lakini usichelewe, wana hamu," akarudi ndani anacheka.

Wamezima tivii. Nasikia viti vinasogezwa, mtu anamwambia mtoto anyamaze, Da Loisi anataka kusema.