Bahari Imekupwa

Mpwa wangu Naomi,

Marahaba! Najua umeniamkia, maana hapa Pemba hata bahari hunipisha njia. Usicheke. Zimebaki siku mbili nirudi kwetu milimani Mlalo, na kwa rafiki yangu Hamadi nashiba pweza wa nazi kila siku. Jana asubuhi Hamadi alitazama pwani akasema, "Bahari imekupwa." Mimi nikasikia imekufa, nikavua kofia. Mkewe alicheka hadi akakaa chini. Lakini kweli, maji hayakuwapo! Nikaweka viatu juu ya jiwe, nikatembea palepale panapokaa bahari, mbali kama toka kanisani hadi sokoni kwetu. Nimeona nyota nyekundu zimelala mchangani, zinatambaa, ziko hai! Nikachuchumaa kuzihesabu kama mtoto. Hamadi akapiga kelele, "We Msambaa, rudi, maji yanajaa!" Nikamjibu, "Yatanisubiri." Hayakunisubiri, yalinifika kifuani.

Mungu awatunze nyote, na mama yako mpe mkono wangu. Baba yako mwambie taratibu, akishakula: vile viatu vyake vya kanisani alivyoniazima vimekwenda na maji. Sikujua kuwa jiwe lile nalo ni la bahari.

Mjomba wako