Tairi la Kipalapala

Jumatano, 8 Septemba 1943. Tabora.

Pancha tena. Ya nne tangu Jumatatu. Mpira wa ndani sasa una viraka vingi kuliko mpira, na solusheni imebaki ya kulamba. Kosa si lake. Tairi la nyuma limekwisha. Turubai limetokeza pande tatu, na kila mwiba unaingia bila hodi.

Nimefunga vidonda hospitalini mpaka saa saba. Kisha nikapewa barua. Ya katekista wa Ibambala. Ndui imeingia kijiji cha jirani yao. Kwa Veronika, mdogo wangu, bado haijafika. Amebakiwa na mtoto mmoja tu, Agata, wa miaka mitatu. Hajachanjwa. Ibambala yote haijachanjwa tangu wazee wa sasa walipokuwa vijana.

Dawa ya kuchanja itafika kwa treni Jumatatu. Nimeambiwa niipeleke mimi, kwa pikipiki aliyoiacha daktari alipokwenda vitani. Dawa hiyo haistahimili joto. Ikichelewa njiani inakufa, na kwa macho huwezi kuijua. Kwa pikipiki ni siku mbili. Kwa miguu, sita. Malori yamechukuliwa na vita. Dawa nyingine haiji kabla ya mwezi kwisha.

Basi kila kitu kimeangukia tairi la nyuma. Naogopa.

Ijumaa, 10 Septemba.

Nimepata kibali cha kununua tairi moja. Na mji mzima una tairi moja jipya la kipimo changu, dukani kwa Jetha. Linang'aa. Meno marefu, hayajagusa ardhi.

Nimelibana kwa ukucha. Mpira mzima ukibanwa hujirudi. Huu ulibaki na alama. Nikalikunja ubavu: nyufa ndogo ndogo, kama kisigino cha kiangazi. Limekaa miaka chini ya bati, jua linalichoma kila mchana. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Jetha alinuna nilipolirudisha. Akaniuliza nimeanza lini kupima mipira mapigo ya moyo.

Najua ninachotaka. Njia yote ni ile waliyopita wapagazi, na baba yangu akiwa mmoja wao. Mpaka Ndono mchanga. Baada yake pori, na visiki vya miti iliyokatwa ovyo, vikali, vimejificha kwenye majani. Mwisho mbuga iliyokauka na kupasuka. Matope hakuna mpaka mvua, kwa hiyo meno si kitu. Kwenye mchanga unapunguza upepo, tairi linatandaa, unapita. Lakini ukipunguza upepo, kisiki kinakula ubavu. Nataka ubavu mnene. Meno yakiwa kipara, si neno.

Haya hakunifundisha mtu. Nimejifunza kwa kuanguka.

Jumamosi, 11 Septemba.

Kipalapala, kwa miguu. Nilisikia mapadri wa huko wana pikipiki iliyokufa zamani. Ni kweli. Padri mzee wa ghala alinionyesha tairi limetundikwa gizani, kwenye baridi, juu ya magunia ya mbegu. Meno yameliwa nusu. Ubavu mnene, turubai tabaka nne. Nikabana kwa ukucha. Likajirudi papo hapo.

Lina jeraha moja, urefu wa kidole, ubavuni. Likishonwa kwa uzi wa nta na kutiwa kiraka ndani, litafika Ibambala na kurudi. Padri hakutaka chochote. Alisema nimwombee.

Nimerudi nalo begani kutwa nzima ya jua. Nimelipenda. Upuuzi, lakini ndivyo. Kibali bado kiko mfukoni, wala sikihitaji.

Jumapili, 12 Septemba.

Baada ya misa nimempelekea Sefu tairi. Fundi viatu, Mzaramo, mtani wangu. Mkono wake hauna mfano mjini. Sasa viatu vya ngozi hakuna wa kununua, anaishi kwa kukata katambuga, viatu vya matairi mabovu.

Aliniona kwa mbali akaanza: Mnyamwezi amekuja na mzigo, kwao si ndiyo kazi. Nami sikumbakishia. Nikamwambia ashone pale palipochanika, na kama mkono wa Kizaramo umeshindwa, basi akate katambuga avae, maana alizaliwa peku na atazikwa peku. Watu barazani walicheka. Nilijiona hodari wa maneno. Nimerudi nyumbani bado nacheka.

Jumatatu, 13 Septemba.

Dawa imefika. Vichupa vya kioo, vyembamba kama mabua. Barafu ilikuwa imeyeyuka yote, lakini maji bado ya baridi. Nimevifunga kwa kitambaa kibichi, nikavitia kwenye chungu; kitambaa kikikauka, baridi imekwisha.

Kisha kwa Sefu.

Amelikata. Tairi lote. Jozi tano barazani, zimepangwa, na ya sita mkononi mwake, ananipa huku anacheka. Kipimo cha mguu wangu. Alikuwa ananipa fungu langu.

Aliona uso wangu. Kicheko kikamwisha.

Najua jinsi ilivyokuwa. Mtani hakupi kitu kwa maneno mazuri. Anakutukana, anakitupa mbele yako, kitu ni chako. Sefu aliona jeraha, akakumbuka maneno, akaamini nimempa. Ningekuwa mimi ningeamini vilevile. Ukitaka mtani akusikilize kweli unasema kwanza "utani kando". Maneno mawili. Sikuyasema. Nilitaka kuchekesha watu.

Siwezi kumshitaki. Siwezi hata kumkasirikia. Kwa mtani anayenuna ndiye aliyeshindwa. Naye hawezi kuniomba radhi, utani hauna radhi. Mwishowe alisema, "Utani kando, mtani. Lilikuwa la nini?" Nikamwambia. Alijishika kichwa kwa mikono miwili.

Nimechukua zile katambuga. Sikujua nifanye nini tena na mikono yangu.

Jumanne, 14 Septemba. Ndono.

Alfajiri nilimgongea Jetha mlango. Nikatoa kibali. Nikanunua lile linalong'aa. Alilishusha, akahesabu fedha.

Mchangani limekwenda vizuri. Meno mazuri kweli. Mara mbili nilijidanganya kuwa nililionea. Nimeanguka mara moja tu, chungu nilikikumbatia. Goti limechunika.

Jumatano, 15 Septemba. Porini.

Limepasuka saa nne asubuhi. Si kisiki, si mwiba. Njia nyeupe, tambarare. Lilipasuka kwa joto tu, ubavu wote, kama kitambaa kilichooza. Mpira wa ndani nao ukaenda.

Nimefanya waliyonifundisha madereva: nikajaza majani makavu ndani ya tairi, nikashindilia, nikafunga kwa kamba za magome ya miombo. Nikapanda. Mwendo wa mtu mzee. Kila hatua chache majani yanatoka, nashuka, najaza. Mara ya tatu yalishika moto kwa msuguano. Nilizima kwa mchanga. Kwa maji nisingeweza, maji ni ya chungu.

Joto. Nagusa kitambaa kila mara. Hakina tena ubaridi wa kuamini.

Alhamisi, 16 Septemba.

Ringi imepinda. Imekwisha. Nimesukuma mpaka nyumbani kwa mwanangwa wa hapa, mkuu wa kijiji. Mzee mwema. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kabla sijamaliza, macho kwenye pikipiki. Ameihifadhi kwenye zizi. Nilimwomba baiskeli. Anayo moja, imeegemea ukuta. Haina matairi. Tulicheka, sijui kwa nini.

Viatu vyangu vya hospitali vimeachia soli. Nimevaa katambuga za Sefu. Chungu kichwani. Sanduku la sindano mgongoni. Naenda.

Ijumaa, 17 Septemba.

Nimetembea.

Jumamosi, 18 Septemba.

Soli za katambuga hazina hata mkwaruzo. Nimekanyaga visiki, miiba, mawe, mbuga iliyopasuka. Hakuna kilichopenya. Ubavu ule, tabaka nne. Nilichagua vyema. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu hakuna mwingine wa kuambiwa. Mwenye macho ya kuchagua nilikuwa mimi, na mwenye ulimi nilikuwa mimi huyohuyo.

Visima viwili vya njiani vimekauka. Jana maji ya kunywa na maji ya chungu yalikuwa hayohayo. Nilimimina kwenye chungu, nikanyonya kitambaa. Leo adhuhuri kitambaa kilikuwa kikavu kabisa. Kwa muda gani sijui. Nililala kivulini bila kukusudia.

Vichupa vinaonekana kama siku ya kwanza. Vizuri. Safi. Ndilo linalonitesa.

Jumapili, 19 Septemba. Ibambala.

Nimefika watu wakitoka kusali. Mwangaluka, mwangaluka, salamu ya asubuhi ya kwetu, mikono pande zote. Veronika alinipokea chungu akadhani ni asali.

Ndui bado haijaingia hapa. Kijiji cha pili wamezika watu. Kutoka kwao mpaka hapa kuna kisima kimoja kinachotumiwa na wote.

Nilichanja kutwa nzima. Walijipanga wenyewe, hakuna aliyekimbia. Akina mama walinishikia watoto. Agata alinitazama nikimchanja mkono, hakulia, akauliza kwa Kinyamwezi kama nimemaliza. Nimewaambia wote: chanjo ikishika, siku ya nne kitatoka kipele, siku ya nane kitajaa usaha, mkono utauma, homa kidogo. Wasiogope. Hiyo ndiyo dalili njema.

Sikuwaambia habari ya kitambaa. Ningewaambia nini? Sijui. Huenda dawa ni nzima. Naomba Mungu iwe nzima. Sijaomba hivi tangu mke wangu alipokuwa kitandani.

Alhamisi, 23 Septemba.

Siku ya nne. Nimepita nyumba chache, kipele sijaona. Mapema mno. Kwa wengine huchelewa. Nimeona hivyo hospitalini, mara kadhaa.

Jumamosi, 25 Septemba.

Mtu amerudi kutoka kisimani na habari: wengine wawili wamezikwa kule ng'ambo. Nimewakataza watu wa hapa kisima kile. Wameniuliza wanywe wapi.

Nimemtuma mtu Tabora na barua nikiomba dawa nyingine. Anakwenda kwa miguu. Nimehesabu siku zake za kwenda, na za dawa kupatikana, na za kurudi. Nimeacha kuhesabu.

Jumatatu, 27 Septemba.

Siku ya nane. Wamekuja wote asubuhi, wamefunua mikono kabla sijaomba. Nimeitazama mmoja mmoja. Wazee, wasichana, katekista mwenyewe. Vigaga vya sindano vimekauka, vimedondoka. Ngozi laini. Kwenye mstari mzima sikuona kipele hata kimoja.

Wamefurahi. Wanasema nina mkono mwepesi, dresa wa zamani, yule aliyewachanja wazee, aliwaachia vidonda, mimi sijawaumiza hata kidogo. Bibi mmoja amenibariki kwa kunitemea mate kiganjani.

Nimemwambia katekista peke yake, nyuma ya kanisa: dawa ilikufa njiani. Amekaa chini. Amesema tusubiri jioni, tuwakusanye, tuwaambie pamoja. Nimekubali.

Agata amepanda mapajani kwangu anionyeshe mkono wake. Nimeupapasa. Mzuri, hauna doa. Mama yake amechinja kuku wa shukrani. Nimekula.