Pini Mdomoni mwa Mama

Mshauri wangu mpendwa,

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mwenzangu wa dawati moja anayenijua mpaka soksi zangu zilizotoboka: mimi huzihutubia nguo. Mama yangu ni fundi cherehani, chumba chetu cha mbele ndicho chumba chake cha kazi, na nguo zilizokwisha zinaning'inia kwenye bomba linalotoka ukuta hadi ukuta zikisubiri wenyewe, na siku hizi nyingi ni za siku ya wazazi shuleni kwetu, na mama akitoka kwenda kununua uzi mimi hufunga mlango, nikasimama mbele ya yale magauni na mashati, nikaanza, "Waheshimiwa," na sauti inatoka, Mshauri, sauti ninayoipenda, ya chini kidogo, isiyo na haraka, na pazia likipepea nguo zote zinageuka taratibu kama watu walioguswa na neno, na kuna suti moja ya kijivu ambayo naapa huwa inaniitikia kwa bega. Nisaidie kabla sijachana kitu ambacho hata mama hawezi kukishona.

Niko kwenye klabu ya uzungumzaji. Usicheke. Mwalimu wa klabu alinikuta maktaba nikisoma kwa kunong'ona, akasema, "Wewe una maneno, njoo," nikaenda, na siku ya kwanza nilipoitwa mbele niliona sakafu tu, sikuona kitu kingine, na mwalimu kwa huruma akanipa kadi za muda, ya kijani, ya njano na nyekundu, niwe nawaonyesha wenzangu jinsi dakika zao zinavyokwisha. Tangu hapo sijaziachia. Wananiita Taa za Barabarani, kwa kifupi Taa. Wakisimama kuongea wote wananitazama mimi, na mimi niko kimya kabisa, na hakuna anayeshangaa, maana taa haiongei.

Klabu yetu ina utaratibu wake. Kila anayesimama lazima aanze na kitu kimoja alichokiona mwenyewe tangu tulipokutana, kitu kidogo, mwalimu anasema kiwe cha kuenea kiganjani, kisha aseme kimemfundisha nini. Basi wenzangu wanaona sisimizi. Mshauri, sisimizi wa shule ile wamechoka kuonwa. Akibeba punje tu, tayari ametufundisha bidii. Birika likichemka limetufundisha subira, mlango ukikwama umetufundisha tusikate tamaa, makofi yanapigwa, mimi nainua nyekundu. Mwenyekiti wetu, ambaye sauti yake inafika mpaka jikoni kwa wapishi, alisema jiwe lililomkwaza lilimfundisha unyenyekevu, nikasema moyoni, hilo jiwe likiitwa kutoa ushahidi litakataa.

Mimi nami nilikuwa naona vitu, ila vyangu havikuwa na funzo mwishoni, vilikuwa vinabaki vinaelea tu, kama vumbi la kitambaa kwenye jua la asubuhi mama anapopiga pasi.

Na nilichokiona kuliko vyote ni hiki. Mama akishona hushika pini kwa midomo. Mafundi wengi hufanya hivyo, najua, mikono inakuwa imeshika kitambaa. Lakini mimi hukaa chini pale miguuni kwake nikichomoa nyuzi, na nimemtazama sana, na nikagundua kuna wakati pini zinaingia mdomoni na hakuna cha kubana. Kuna mteja wetu, mama yake mwenyekiti, tunamwita Mama Leo-Leo kwa sababu kila nguo yake inatakiwa leo hii. Alikuja kuchukua gauni lake, akajigeuzageuza kwenye kioo, akasema, "Fundi, nasikia binti yako anaongea lugha ya shule kama redio. Sasa akirudi hapa mnaongea nini? Unamjibu kwa cherehani?" Akacheka, akanitazama ili na mimi nicheke. Gauni lilikuwa limekwisha, pindo limeshonwa, limepigwa pasi. Mama akanyoosha mkono kwenye kimto chake cha pini, akachomoa moja, akachomoa nyingine, akaziweka mdomoni, akafunga midomo.

"Mmh," akasema.

"Haya, naona una kazi," Mama Leo-Leo akasema, akaondoka na gauni lake.

Mlango ulipofungwa nikataka kumchangamsha, nikamuuliza kwa utani, "Mama, ulipokuwa na umri wangu ulitaka kuwa nani?" Alikuwa anakunja mabaki ya vitambaa. Akanitazama, halafu macho yakaenda mbali, kama mtu anayesikiliza wimbo unaopigwa nyumba ya tatu na anajaribu kukumbuka maneno yake. Kisha mkono wake ukaenda kwenye kimto cha pini.

Mshauri, hilo limenikaa. Niko darasani mwalimu anaandika ubaoni, mimi naona vile vichwa vidogo vya pini, vya bluu, vyeupe, vimejipanga kwenye midomo ya mama, na nyuma yake kuna chumba kirefu ambacho sijawahi kuingia, na humo ndani kuna msichana wa umri wangu amesimama mbele ya watu, na sisikii anasema nini.

Sasa siku ya wazazi imekaribia, na mwalimu amesema, "Taa, safari hii kadi atashika mwingine." Nikasema ndiyo mwalimu, kwa sauti ya mbu. Na hotuba ninayo tayari, ni hiyo ya pini, nimeshazihutubia nguo zote kwa hiyo, na suti ya kijivu ililowa kabisa kifuani, ingawa inawezekana mama alikuwa amenyunyizia maji ya pasi. Hotuba nyingine sina. Nimejaribu kutafuta sisimizi, nimekaa nyuma ya choo cha shule nikimtazama mmoja mpaka kengele ikalia, hakunifundisha kitu, alikuwa anaenda kwao tu.

Tatizo ni hili. Lugha zote mbili zinaruhusiwa. Mama lugha ya shule anaelewa salamu na bei. Kwa hiyo nimewaza, na ndicho ninachoogopa ukisome, kwamba nikiisema kwa lugha ya shule, mama atakaa pale mbele amevaa vizuri, atanitazama mdomo unavyokwenda, atafurahi, atapiga makofi, na nitakuwa nimesema na sitakuwa nimemwambia. Nikiisema kwa lugha ya nyumbani ataelewa kila neno mbele ya wateja wake wote, na ukumbini, Mshauri, hatakuwa na pini.

Ananishonea gauni la siku hiyo, kwa mabaki ya mabaki, halafu ni zuri kuliko la Leo-Leo. Jana alikuwa ananipima, amepiga magoti anabana pindo, akasema, "Mm-mm mmh mm?" Mimi huielewa lugha hiyo. Alikuwa anauliza, utasema nini huko? Nikamjibu, "Nitasema mambo tu, mama." Akasema, na pini ziko palepale, wazi kabisa, "Simama wima."

Nimekuandikia wewe kwa sababu jirani humletea mama magazeti, naye hukatia humo violezo vya nguo, lakini kabla hajakata husoma ukurasa wako kwanza, huku anaguna. Jibu lako la dada aliyependwa na mwalimu wa kwaya nililisoma nusu tu, nusu nyingine ilikuwa imeshakuwa mkono wa blauzi, mpaka leo sijui kama aliolewa.

Niambie basi, niseme kwa lugha ipi, au ninyamaze nirudi kwenye kadi zangu, au kuna namna ya tatu ambayo watu wazima mnaijua, maana nahisi nikikosea hapa mama hataniacha tena nikae miguuni kwake, hatasema kitu, ataacha tu kuniita nichomoe nyuzi, na ndara zake nazisikia nje, anasalimiana na mtu, anatafuta ufunguo, hii karatasi naiingiza chini ya vitambaa vya bitana

*

Taa, binti yangu,

Barua yako haina salamu za mwisho wala jina, ila ina uzi mwekundu umenasa kwenye kona. Basi najua uliificha wapi.

Nimeipenda suti ya kijivu, nikawasomea wenzangu hapa ofisini, tumecheka wote. Sasa tumemaliza kucheka. Kaa vizuri.

Macho unayo, hilo nakubali. Kuna watu wazima wanakaa na mtu chumba kimoja mpaka wanazeeka na hawajui anashika nini mdomoni. Lakini wewe umeona nusu ya kitu, ukaibeba mbio ukaipelekea suti. Umeshaamua kwamba mama yako anameza maneno. Nani kakwambia? Pengine anameza kweli, na yanamuumiza. Pengine alikuwa anajizuia asimcheke yule mama na gauni lake. Na ulipomuuliza alitaka kuwa nani, pengine jibu lilikuwa refu, akawa anatafuta pa kuanzia. Wewe uliona mkono unaenda kwenye kimto ukasema basi, nimeshaelewa. Hukuelewa, mwanangu. Uliogopa kuuliza mara ya pili.

Hili la lugha ya shule litoe kichwani leo, tena usilirudishe. Kumzungumzia mtu mbele ya uso wake kwa lugha asiyoijua, naye maskini anakupigia makofi, hata kama umejaa mapenzi mpaka kooni, huko ni kumteta, na kwa kipaza sauti. Tena fikiria nani ataelewa. Leo-Leo ataelewa! Unataka kumpa yule cha mama yako, mwenyewe umnyime? Ulijua ni vibaya, ndiyo maana ukaniandikia, kwa hiyo sikukaripii zaidi ya hapo.

Ila nina swali. Mama yako ana pini. Wewe unazo kadi tatu za rangi, na tangu uzishike hakuna aliyekuuliza neno. Umejifunza wapi?

Fanya hivi. Kabla ya ukumbi, kabla ya mwalimu, kabla ya suti, ongea naye. Usimvizie akiwa na mteja. Pini zikiwa mdomoni, kinga kiganja chako chini ya kidevu chake na usiseme kitu. Mtu aliyekuzaa anajua maana ya kiganja, atazitemea humo. Ndipo umuulize tena swali lako lile, safari hii bila utani, halafu unyamaze wewe. Akichelewa kujibu, usimwonyeshe nyekundu.

Kisha mwambie hotuba yako yote, kwa lugha yenu. Akikuruhusu, isimamie kwa lugha hiyohiyo, na mwenyekiti na wenzake watafute wenyewe tafsiri. Akikataa, imekwisha, usinune, usimzungukie kwa jirani wala kwa mwalimu. Maneno yale ni ya kinywa chake. Utasimama useme habari za msichana aliyeshika kadi ili asiulizwe kitu. Hilo nalo umeliona kwa macho yako, na hilo ni lako, huombi ruhusa kwa mtu. Mama Leo-Leo asiwemo kwa namna yoyote, hata kwa fumbo. Mama yako bado anamshonea.

Na funzo la mwishoni usilitafute. Ukishasema ulichokiona, kaa. Mwalimu akilidai, mwambie nimelizuia mimi.

Woga nao sitakudanganya kwamba utakwisha. Lakini ukifika mbele usitazame sakafu, wala usitazame macho ya watu, yatakumaliza. Tazama mabega. Umeniambia mwenyewe kwamba zile nguo kwenye bomba nyingi ni za siku hiyo. Basi zitakuwepo ukumbini, Taa, zimekuja na watu ndani, na zote zimeshakusikia ukiongea. Itafute ile ya kijivu, uanze nayo.

Jambo la mwisho. Una lugha mbili, na barua hii ungeweza kuiandika kwa ile ya shule, nami ningeisoma. Umeiandika kwa lugha ya mama yako, ukaileta kwenye ukurasa ambao unajua husoma kabla ya kushika mkasi. Jirani atalileta gazeti hili kama kawaida. Mama ataiona suti yake ya kijivu hapa, ataona na mabaki ya mabaki, na ukurasa huu hauwezi kufichika chini ya bitana, nakala zake zimechapwa nyingi mno.

Kwa hiyo ukisikia ndara zake mlangoni, ukurasa huu uache mezani. Akiingia msomee wewe, tangu juu, kwa ile sauti ya chini isiyo na haraka. Na mkono wake ukienda kwenye kimto, kinga kiganja.