Tumbo la Mkaguzi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikitumaini kwamba wewe na shemeji hamjambo, kwamba mgongo wako uliokuwa ukilalamika kwa kusimama wodini kutwa nzima umepata nafuu, na kwamba mpwa wangu amerudia kula vizuri baada ya hofu aliyoipata. Huku kwetu kwa upande wa afya hatuna la kulalamikia. Baba anatembea hadi sokoni na kurudi bila kukaa njiani, na bado ananigombeza kwa kuburuta viatu. Mimi nipo, tanuri la mikate linanichoma mikono kama kawaida yake.

Najua umeigeuza bahasha hii mara mbili ukijiuliza huyu mwenye simu ametaka nini na karatasi. Dada, kwenye simu unanishinda. Nikianza sentensi unanimalizia, na mimi nakubali ulichomalizia hata kama sicho nilichotaka kusema. Karatasi haiwezi kunikatiza. Kwa hiyo nakuomba ukae, uvue viatu, usome mpaka mwisho. Ukimaliza nipigie unitukane, nitapokea.

Kwanza habari ya furaha, umpe binti yako leo hii: sungura wake anayeishi kwetu amepona. Mkaguzi anakula, anarukaruka, na jana aliingia chini ya kabati la vyombo kukagua kitu ambacho yeye peke yake ndiye anayekijua. Mwambie jina alilompa bado linamfaa.

Yaliyotokea nilikueleza juu juu tu. Sasa nataka kukueleza sawasawa, kwa sababu kuna mahali nilipindisha.

Jumanne ile nilirudi kutoka kazini saa nne asubuhi, unga bado kwenye nyusi, nikamkuta Baba amelala sakafuni sebuleni. Nilidhani ameanguka, nikamkimbilia. Kumbe alikuwa ameweka sikio lake kwenye ubavu wa Mkaguzi. Aliponiona aliinua kidole kuninyamazisha, kile kile alichokuwa akitunyamazishia tulipokuwa wadogo na yeye ana saa ya mtu sikioni. Baada ya muda alinyanyuka, akajipangusa magoti, akaniambia kwamba tumbo limesimama. Nikauliza limesimama vipi. Akasema kila siku humsikiliza asubuhi, na kila siku mle ndani huwa kuna vurugu, maji yanapita, vitu vinasukumana. Leo kimya.

Mimi nilicheka, dada. Nilimwambia sungura si saa ya ukutani. Baba akanifungulia daftari.

Unalijua daftari lile, lenye jalada jeusi. Tangu alipofunga karakana yake ya saa, kurasa zilizobaki amezitoa kwa Mkaguzi: amekula nini, saa ngapi, na kwenye trei yake kumetoka nini. Mimi na wewe tumelifanyia mzaha mara nyingi, ukasema Baba amepata mteja mmoja wa kudumu. Basi siku ile daftari lilionyesha kwamba jana yake jioni punje za kinyesi zilikuwa chache, ndogo kuliko kawaida, na asubuhi hiyo hapakuwa na hata moja. Majani aliyowekewa hakuyagusa. Mkaguzi mwenyewe alikuwa amejikunja kwenye kona, mgongo juu, anasaga meno taratibu. Baba alisema hiyo ni sauti ya maumivu. Ndipo nikaacha kucheka.

Tulimtia kwenye boksi pamoja na taulo lake la kulalia, tukampeleka kwa daktari wa mifugo, yule mama mwenye miwani ya kamba. Alimpapasa tumbo polepole, akamwekea kifaa cha kusikilizia, akasikiliza upande huu na upande ule, kisha akamgeukia Baba na kumwambia kwamba mzee amesikia vizuri, matumbo yamekaribia kusimama kabisa. Alitueleza kwamba tumbo la sungura halijui likizo. Linatakiwa kusukuma wakati wote, na kinacholisukuma ni nyasi kavu zenye kambakamba. Likipewa vitu laini vya wanga linalegea, gesi inajaa, mnyama anaumwa, na kwa sababu anaumwa anaacha kula, na kwa sababu hali kitu, tumbo linazidi kusimama. Akasema tungechelewa hadi kesho yake tungekuja na boksi la kuzika.

Halafu akauliza amekula nini. Baba akamsomea daftari, mstari kwa mstari: nyasi kavu, majani, maji. Daktari akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema daftari ni zuri lakini kuna kitu hakijaandikwa. Alipolikung'uta lile taulo juu ya meza ya bati, chembe za mkate zikadondoka. Si moja wala mbili. Akauliza ni nani anayempa mkate.

Dada, hapo ndipo nilipopindisha, lakini nivumilie nimalizie kwanza habari ya matibabu, maana Baba anastahili uijue.

Daktari alimchoma sindano ya maumivu, akatupa dawa ya gesi, na unga wa majani makavu wa kukoroga na maji hadi uwe uji mwepesi. Tumlishe kila baada ya saa chache kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tumkande tumbo kwa mikono miwili bila kukandamiza, tumtembeze kidogo, nyasi zisikosekane mbele yake. Mimi nilimfunga kwenye taulo akabaki kichwa tu, Baba akaushika ule mdomo. Ungemwona! Mikono ile unayosema inatetemeka siku hizi haikutetemeka. Alipitisha ncha ya bomba pembeni, nyuma ya meno ya mbele, akatia tone, akangoja ameze, akatia tone jingine. Mimi nilipojaribu nilimtia uji puani na wote wawili wakanitazama kwa dharau. Nikarudishwa kwenye kazi ya taulo.

Jumanne yote hakuna kitu. Jumatano hakuna kitu, ila jioni Baba aliweka sikio akasema amesikia mngurumo mmoja. Alhamisi saa saba mchana, nikiwa nakoroga uji jikoni, nilimsikia ananiita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Mama alipokuwa hai. Kwenye trei kulikuwa na punje moja. Moja, ndogo, kavu. Baba aliichukua kwa kibano chake cha kazi, akavaa lenzi jichoni, akaikagua kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia ni ya leo. Tulicheka hadi tukakaa chini. Kisha yeye akaendelea kutikisika mabega na mimi nikatambua kwamba hacheki tena. Alimshika Mkaguzi kifuani na kumwomba msamaha. Alisema hakukusudia, ni kichwa tu kimechoka.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilikwenda kuosha sufuria.

Sasa nirudi pale kwenye meza ya bati. Daktari alipouliza ni nani anayempa mkate, mimi nilijibu kabla Baba hajafungua mdomo. Nilisema mzee siku hizi anasahau. Nilisema kwa kucheka kidogo, kiutani, nikamwonyesha daktari kwa macho kwamba tusiliendeleze mbele yake. Baba alinitazama. Aliangalia zile chembe, akaniangalia tena, kisha akafunga daftari. Jioni uliponipigia nikarudia yale yale, na nikaongeza chumvi kwamba nimemkuta na mkate mfukoni.

Dada, hakuna mkate uliotoka mfukoni mwa Baba. Ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nampa Mkaguzi mkate, kila siku, kwa muda wa wiki tatu. Kule kazini mashine ikikata mikate, kile kipande cha mwanzo chenye ganda hakitakiwi na mteja, tunaruhusiwa kubeba. Siku moja kimoja kilinidondoka hapa sebuleni. Huyu sungura ambaye miaka miwili yote nikiingia ananigeuzia mgongo, alikuja mwenyewe, akasimama kwa miguu ya nyuma, akanishika goti. Kesho yake akanisubiri mlangoni. Nina miaka thelathini na minne na hakuna mtu anayenikimbilia mlangoni nikirudi. Nilikuwa nampa Baba akiwa anaoga, ili asiandike.

Na karatasi yako ya vyakula vilivyokatazwa, uliyobandika ukutani siku mlipomleta, niliisoma. Neno mkate umelipigia mistari miwili. Nilisema moyoni kwamba nesi wa watu ameshakuwa na wa sungura pia, na nikaendelea. Sitaki kukuficha hata hilo.

Ulipotaja kwenye simu siku ile funguo ambazo Baba aliziweka kwenye kopo la sukari, na jiko aliloliacha likiwaka mwezi wa pili, na sasa hili la sungura, nilijua unakokwenda. Ukasema basi, imetosha. Ukasema utakuja Jumamosi hii na gari, nyumba ifungwe, Baba akakae kwenu ghorofa ya nne, na Mkaguzi atafutiwe watu kwa sababu kwenye jengo lenu wanyama hawaruhusiwi. Ningeweza kulizuia kwa neno moja. Nilisema sawa, dada. Nilijiambia kwamba pengine ndivyo ilivyo bora, kwamba funguo na jiko ni kweli. Ni kweli. Lakini wewe mwenyewe ulisema hayo mawili ungeyavumilia.

Nikueleze kilichonivunja. Tangu siku ile, kila asubuhi nikirudi kutoka kazini, kabla ya kuingia sebuleni Baba anasimama mbele yangu na kugeuza mifuko nje. Ya suruali, ya shati, hata ya koti. Anataka nihakikishe hana mkate ndipo amkaribie Mkaguzi. Sijamwagiza. Ameanza mwenyewe. Na mimi, Mungu anisamehe, nimekuwa nikimkagua na kumwambia pita.

Juzi alipokuwa amelala mchana nilifungua daftari. Unakumbuka utaratibu wake wa karakana: hakuna hitilafu anayoiandika ambayo hakuiona kwa lenzi. Mtu akileta saa na kudai imeanguka kwenye maji, na yeye hakuona kutu, aliandika "mteja anasema". Maisha yake yote hakuvunja utaratibu huo, hata kwa wakubwa. Basi kwenye ukurasa wa Jumanne ile, chini kabisa, kwa mwandiko uliopanda na kushuka, ameandika: "Alipewa mkate. Nilimpa mimi. Sikumbuki." Nilitafuta neno "anasema" na sikuliona. Hakuandika "mwanangu anasema". Aliliandika neno langu kama kitu alichokiona kwa macho yake.

Leo asubuhi sikwenda kazini. Aliposimama mbele yangu na kushika mifuko nilimshika mikono yote miwili, nikamwomba akae, nikamwambia. Sikuwa na maneno ya maana, nilibwabwaja tu, kipande cha mwanzo, ganda, mlangoni, wakati unaoga. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniuliza kama nina hakika kwamba yeye hakumpa hata mara moja. Nikasema hata mara moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi au kwa kufukuzwa, na ningeondoka bila kubishana.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe bado nipo."

Baadaye alichukua rula na kalamu, akaukata ule mstari wa mkate daftarini kwa unyoofu mzuri, na mkono haukutetemeka. Hajanisemesha tangu hapo isipokuwa kwa mambo ya lazima. Ni haki yake.

Dada, nakuomba Jumamosi uje, lakini usije na gari la mizigo. Njoo na binti, amwone sungura wake. Habari ya jiko nimeshaanza kuishughulikia, na zamu yangu nimeomba ihamishwe ili asubuhi niwepo nyumbani. Kama ukiona bado inafaa ahame, zungumza naye yeye, kwa mambo aliyoyafanya yeye. Usimhukumu kwa langu. Na binti mwambie ukweli. Akikataa kunisalimia nitaelewa.

Msalimie shemeji, na majirani wenu wa chini wanaonijua. Mkaguzi hasalimii mtu, amenigeuzia mgongo kama zamani, na kwenye trei punje ni nyingi, kubwa, za afya.

Baba anakusalimu sana. Alipoona naandika alikuja kusimama nyuma ya kiti, akaniagiza nikueleze kwamba hahami. Nikaandika "Baba anasema hahami". Akachungulia kwa lenzi, akaniambia nifute hilo "anasema".

Hahami.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa,
Kitindamimba