Nyama Niliyokula Nyumbani

Basotu, Hanang
14 Aprili 2024

Kwa baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kifua kimepungua kubana kwa baridi ya huko juu. Mimi ni mzima, ila mwili umechoka. Tunachanja ng'ombe tangu Pasaka, na matope ya Basotu unayajua. Pikipiki nimeisukuma kuliko nilivyoipanda.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, na jambo hili sitaki ulipate kwa mtu mwingine. Wiki iliyopita chama chetu cha wataalamu wa mifugo kilifanya mkutano wa mwaka pale Mbulu mjini. Siku ya pili tulipelekwa kwa basi kuona josho la Tumati. Daktari Sulle alikaa kiti cha pembeni yangu, akaniwekea mkono pajani. Niliutoa. Akaurudisha. Nilipohama kiti alisema kwa sauti, basi zima likisikia, kwamba mitamba ya Maretadu hurusha mateke mpaka ishikwe pembe. Watu walicheka, baba. Wengine ni wanawake wenzangu.

Chama kina Kanuni za Mwenendo kwa kila anayehudhuria mikutano yake: usimguse mtu asiyetaka, usimtanie mtu kwa mwili wake, na aliyeonewa apeleke lalamiko kwenye kamati. Daktari Sulle ndiye mwenyekiti wetu, na ndiye aliyezisoma asubuhi ya kwanza, tukamaliza tukasali. Nimepeleka lalamiko kwa mama Genoveva anayeongoza kamati. Binti mwingine, Angela, aliacha kuja mikutanoni kwa ajili ya mtu huyo huyo, na sasa amekubali kusema.

Najua anakutibia ng'ombe, na ulimfundisha shule. Ndiyo maana nakuambia mwenyewe. Nataka jambo moja tu: lisikilizwe, na jibu litolewe mbele za watu kama tusi lilivyotolewa mbele za watu.

Ni mimi mwanao,
Judica


Maretadu, Mbulu
28 Aprili 2024

Mwanangu Judica,

Marahaba. Kondakta ameleta barua yako imelowa, nikaianika karibu na jiko ndipo nikaweza kuisoma. Kifua kinakwenda hivyo hivyo. Masikio ndiyo yamekataa kabisa. Jumapili padri anahubiri, mimi naangalia mdomo wake kama mtu anayeangalia mbuzi akicheua. Mahindi yamesimama vizuri, Mungu ashukuriwe.

Barua imeniuma, sikufichi. Lakini Sulle nilimfundisha kushika kalamu. Tulipomzika mama yako alibeba jeneza upande wa kichwa. Mtu wa namna hiyo huitwa pembeni akaambiwa, hapelekwi kwenye kamati. Hizo kanuni zenu zinawafaa watu ambao mkutano ukiisha kila mmoja anapanda gari lake na hawaonani tena. Sisi tunakutana mnadani, kanisani na msibani. Mimi nimezeeka, mwanangu, na nimechoka kugombana na watu ambao ndio watakaonizika.

Sikukatazi. Ila fikiria. Na Jumamosi ya tarehe 11 Mei njoo nyumbani, kuna shukrani ndogo. Usikose.

Baba yako,
Herman Margwe


Basotu, Hanang
20 Mei 2024

Kwa baba,

Shikamoo. Habari za tangu tuachane? Nilifika salama, ingawa basi lilikwama na abiria tukashuka kusukuma kama kawaida yetu.

Asante kwa ile siku. Sikutegemea kukuta wazee wengi namna ile, tena wamekaa kimya kama wako misani. Rafiki yako mzee Nikolausi alinikatia kidari yeye mwenyewe, na hakuna aliyegusa cha kwake mpaka nilipomeza. Niliona aibu kidogo na furaha nyingi. Nikajisemea, basi, hata kama hawalitaji lile jambo langu, wamelisikia, na hivi ndivyo wanavyoniambia wako nami. Hukusema shukrani ilikuwa ya nini. Nadhani ya mvua.

Kamati inakaa tarehe 15 Juni. Angela anakuja kutoka Dongobesh. Usiku sasa napata usingizi. Niombee.

Mwanao,
Judica


Basotu, Hanang
17 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Mimi nikiulizwa hivyo leo sijui nijibu nini.

Juzi kamati ilikaa. Kabla sijafungua mdomo, Daktari Sulle aliomba kusema. Alisema jambo hili limekwisha. Lilikwisha nyumbani kwako, wazee wakiwa wamekaa, kwa kondoo aliyemleta yeye, na mimi mwenyewe nilikula. Mzee Nikolausi, aliyekuja naye kama shahidi, alisimama akashuhudia, tena kwa upole, kama mtu anayenitakia mema.

Kanuni yetu ya tisa inasema lalamiko lililomalizwa kwa suluhu halifunguliwi tena. Tuliiweka wenyewe, kwa kuwa tulisema sisi ni watu wa hapa na tuna namna zetu za kupatana. Nilinyoosha mkono kuipitisha. Na nimekulia Maretadu, najua kwamba aliyekula kondoo wa suluhu halitaji tena lile jambo mpaka kaburini. Mama Genoveva aliniuliza, "Judica, ulikula au hukula?" Nikasema nilikula. Akalifunga. Angela alikuwa kwenye benchi nje akisubiri kuitwa. Nilipotoka alinitazama, akachukua mkoba wake, akaenda stendi. Hakuniaga.

Jana nilikuwa kwa mama Gidabuday, mfugaji wa huku ninayemchanjia ng'ombe. Aliona uso wangu akauliza, nikamweleza. Alishangaa kitu kimoja tu, kwamba wanawake hawakukaa. Kwao mwanaume akimdhalilisha mwanamke, wanawake ndio wanaoitana, wanakaa, na dume la ng'ombe analotozwa linakwenda kwao, si kwa baba wa mtu. Nilifunga sanduku la chanjo nikaondoka.

Baba, ulijua ninakula nini?

Judica


Maretadu, Mbulu
30 Juni 2024

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Hapa tu wazima. Nilijua.

Sulle alikuja hapa akapiga magoti sebuleni. Mtu mzima, Judica, tena daktari. Machozi yalimtoka. Nikaona mtu akiomba hivyo mbele ya wazee inatosha, na hapa kwetu baba ndiye anayeombwa, hilo hukuanza kulisikia leo. Aliondoka kabla hujafika ili usikutane naye. Nilijua nikikuambia ukweli hutakuja, na nilitaka likwishe. Nilitaka uendelee na kazi yako bila adui, na mimi niendelee kusalimiwa njiani. Ndivyo nilivyofikiri. Ulipokuwa unatafuna ukicheka na wazee, nilijiambia umeshapona.

Nakupenda. Pengine sijawahi kukuandikia neno hilo, tulizoea kuulizana habari za mahindi. Yaliyopita si ndwele. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Baba yako,
Herman Margwe


Maretadu, Mbulu
21 Julai 2024

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Hukujibu. Nimemuuliza kondakta mpaka sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijamfikia.

Juma lililopita nilikwenda Mbulu kwa mama Genoveva. Nilimwambia asihangaike kunijibu maana sitasikia, anisikilize tu. Nikamwambia, "Binti yangu hakupatana na mtu. Nilimlisha suluhu bila kumwambia. Kama kuna kosa la kufungwa, lifungeni la kwangu, la kwake mlifungue." Aliandika kitu kwenye karatasi akanisogezea. Aliuliza kama niko tayari kuyasema hayo mbele ya Nikolausi. Nikasema niko tayari. Wakaitwa yeye na wazee wenzake, nikayasema. Sikusikia walichonijibu, na nadhani hiyo ilikuwa rehema.

Sasa hapa nyumbani wazee wanasema nimetapika kondoo wa watu. Wamekubaliana nisisaidiwe. Nilipiga mbiu ya kuvuna kama kila mwaka, nikapika makande ya kutosha, hakuja mtu. Navuna mwenyewe kidogo kidogo. Nyani nao wameshajua kwamba mlinzi ni kiziwi. Njiani wengine wananipungia mkono, ila pale tu wenzao wasipowaona.

Siandiki haya ili unihurumie. Kwenye barua ya kwanza ulisema unataka lisikilizwe. Mimi nilikuwa mtu wa kwanza kuambiwa, na sikusikiliza, na hapo sina masikio ya kuyasingizia.

Baba yako,
Herman


Basotu, Hanang
18 Agosti 2024

Kwa baba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi ni mzima.

Kamati ilikaa tena. Angela alikataa kwanza. Nilimfuata Dongobesh, akanifungulia mlango lakini kiti hakunipa. Nilimfuata tena, ndipo akakubali. Alisema yote, na alichofanyiwa yeye kilikuwa kikubwa kuliko changu. Daktari Sulle amevuliwa uenyekiti na haruhusiwi kuhudhuria mikutano ya chama kwa miaka mitatu. Jana mama Genoveva aliusoma uamuzi huo ukumbini, mbele ya watu wale wale waliokuwa kwenye basi. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyepiga makofi. Wengine waliangalia simu zao. Kanuni ya tisa nayo imebadilishwa: suluhu ni mpaka aliyeonewa aitamke kwa mdomo wake.

Nilidhani siku hiyo nitafurahi. Nilitaka kulala tu.

Baba, nina hasira na wewe, sitaki kukudanganya. Nikikumbuka ulivyokuwa unanitazama nikitafuna, usingizi unakatika. Na nikikukumbuka umepanda basi peke yako kwenda kujishtaki mbele ya rafiki zako, nalia. Yote mawili ninayo, na sijui lipi litabaki. Ndiyo maana nilichelewa kuandika. Nilikuwa nangoja moja litoke kwanza.

Nimepewa likizo. Nakuja Jumamosi, na Angela anakuja pia. Amesema hajawahi kufika Maretadu, na kuvuna mahindi anaweza. Tutaanzia upande wa nyani. Wasaidizi usiwatafute, na wanaokupungia kwa kujificha waache waendelee kujificha. Unga tutakuja nao na mboga tutachuma hapo hapo, tutapika wenyewe.

Tafadhali, baba, usichinje kitu.

Mwanao,
Judica