Maneno ya Nyanya Yasimame Mbele

Wusi, 3 Mei 2025

Kwa Shangazi Kavinya mpendwa,

Leo ni Jumamosi, tarehe tatu, na nimejiahidi kukueleza yote bila kuruka kitu. Kwanza, hujambo? Na macho ya Nyanya yanaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenipa kikohozi kidogo.

Uliponiandikia kwamba kanisani wanataka Mama Mutindi ndiye aongoze ibada ya Jumapili ya akina mama, kwa kuwa Nyanya haoni tena herufi za kitabu, niliamua kutafuta njia ya kumsaidia. Nyanya amesoma pale mbele tangu Baba akiwa mtoto.

Sasa sikiliza. Mwalimu Mwandawiro wa klabu ya kompyuta ametufundisha kuandika programu inayotengeneza PDF, yaani kurasa zilizo tayari kuchapishwa. Kilichonishangaza ni mitindo. Unaeleza mara moja tu kwamba mtindo uitwao "kiongozi" uwe na saizi hii na rangi hii, halafu kila mstari unaoupa jina hilo unavaa hivyo wenyewe, kama sare. Mwaka ujao maneno ya ibada yakibadilika, mitindo inabaki.

Nimeyaingiza humo maneno ya ibada ya Nyanya, na mitindo nimetengeneza miwili. Maneno ya Nyanya ni mekundu, saizi ishirini. Majibu ya watu ni meusi, herufi nzito. Kwenye kompyuta yanapendeza sana. Printa yetu ya shule haina wino, kwa hivyo nimeinakili programu yote kwa mkono. Tafadhali iingize kwenye laptop yako, uchapishe. Mwalimu anashuka Voi, ndiye atakayekuletea.

Mpwa wako,
Nduku

Voi, 14 Mei 2025

Mpwa wangu Nduku,

Sisi huku tuko salama. Kunywa maji moto kwa hicho kikohozi.

Programu yako haikugoma hata mara moja, na mimi ninayeziandika kazini, zangu hugoma kila siku. Nilijivuna peke yangu. Lakini saiba, duka la kompyuta la hapa mtaani, huchapisha kwa wino mweusi tu, na nyekundu yako imetoka kijivu, imefifia kama maji ya jivu. Mama, nyanya yako, alikaa mlangoni penye mwanga, akageuza karatasi huku na huku.

"Kavinya, maneno ya watu nayaona yote. Yangu mmeyaweka wapi?"

Mama Mutindi alikuwepo, ametuletea vitunguu. Akamwambia Mama, "Mama Kasiva, mwaka huu si upumzike tu?"

"Nikichoka, Mama Mutindi, utanisikia nikikoroma kanisani."

Tulicheka, lakini niliona jinsi alivyoikunja ile karatasi haraka na kuikalia.

Ningeweza kurekebisha mwenyewe, ila kazi ni yako. Jumapili yenyewe ni tarehe moja Juni.

Shangazi yako,
Kavinya

Wusi, 17 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Natumai mko wazima. Kikohozi kimeisha, asante.

Nilimwonyesha Mwalimu barua yako. Akaniuliza, "Nduku, uliipima kwa macho ya nani?" Nilipima kwa yangu.

Sasa mtindo wa kiongozi ni mweusi, mzito, saizi ishirini na sita, na nafasi kati ya mistari ni pana. Wa watu ni mwembamba, mdogo, umesogezwa ndani kidogo. Futa mistari niliyoizungushia kalamu kwenye nakala hii, uandike hii mipya. Ni michache tu, na kurasa zote zitajibadilisha zenyewe. Mwambie Nyanya maneno yake ndiyo yamesimama mbele.

Mpwa wako,
Nduku

Voi, 3 Juni 2025

Nduku wetu,

Hujambo? Masomo je? Sisi hatujambo kabisa, maana Mama alisoma.

Mahali pamoja sentensi ilikatika mwisho wa ukurasa. Mama akalamba kidole, karatasi ikakataa kufunguka. Nikaona Mama Mutindi ameanza kuinuka kwenye benchi. Ukurasa ukafunguka, Mama akaendelea kama mtu aliyesimama kuvuta pumzi, na watu wakamjibu kwa sauti ambayo sijaisikia siku nyingi.

Tulipotoka, Mama Mutindi akanivuta pembeni. "Herufi hizi mmezitoa wapi? Na mimi nataka. Kitabu kile nasoma kwa kukisia tangu mwaka jana."

Mama alimsikia. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Shangazi yako,
Kavinya

Wusi, 7 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi kwenu. Mimi ni mzima, na barua yako nimelisomea bweni zima.

Nimeshaiagiza programu isikate sentensi mwisho wa ukurasa. Nakala ya Mama Mutindi naweza kuitengeneza Jumamosi ijayo, ila kuna jambo siwezi kuliamua mimi. Nikimkuzia majibu ya watu, atajibu vizuri akiwa kwenye benchi lake. Nikimkuzia maneno ya kiongozi, ataweza kusimama pale mbele, mwaka mmoja yeye, mwaka mwingine Nyanya.

Tafadhali muulize Nyanya, si Mama Mutindi, na unijibu kwa mkono wa Mwalimu: ni maneno yapi niyakuze?

Mpwa wako,
Nduku