Filamu Iliyokatika Katikati

Mkata, Handeni

Mdogo wangu Sharifu,

Salamu zako kutoka Korogwe zimefika. Mama hajambo, na mahindi mwaka huu yamekubali.

Unauliza kama wanafunzi wako wanalikumbuka somo la Vita vya Msalaba. Wanalikumbuka sana. Umeme ulipokatika filamu uliyowaonyesha ikiwa katikati, uliwaambia waimalizie kwa kuigiza, kila mtu na dini yake, ukaenda kunywa chai. Mkristo alikuwa mmoja tu, Namunyak, binti wa yule mfugaji Loishiye. Wenzake walimpiga mawe ya macho. Ukahamia huko Manundu, Korogwe, kabla hajatoka hospitali.

Mama yake bado anatuletea maziwa. Jana alikuja naye, amemshika mkono. Mtoto anauliza filamu iliishaje. Njoo umsimulie, mwalimu, maana kuiona hawezi tena.

Dada yako,
Faudhia